Tumbo Moja, Maradhi Mbalimbali

(Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma juu ya maradhi ya kurithi.)



Nimepewa heshima ya kuzungumza nanyi juu ya maradhi ya kurithi. Napenda kukiri tangu mwanzo kwamba mimi si daktari. Mimi ni mwandishi wa habari, na kazi ya mwandishi ni kuwauliza wajuao, kusoma waliyoyaandika, kisha kuyaleta mbele ya umma kwa lugha ambayo umma unaielewa. Na kwa kuwa maradhi ya kurithi ni bahari pana, nimechagua ghuba moja tu katika bahari hiyo. Nataka tuzungumze jinsi kasoro ya aina moja, iliyotoka kwa mama mmoja, inavyoweza kuwapata watoto wake kwa namna zinazotofautiana mno, hata mtu akadhani kwamba kila mmoja anaugua ugonjwa wake mwenyewe.

Tuanze na mfano. Tuseme pana nyumba moja yenye watoto wanne. Mama yao ni mzima, ila masikio yake yalianza kuwa mazito alipokaribia miaka 40, naye husema kuwa ni umri. Mtoto wa kwanza, wa kiume, ni karani. Amepata kisukari akiwa na miaka 30, ingawa ni mwembamba na hana makuu katika kula. Wa pili, binti, alikuwa hodari darasani. Alipofika miaka 14 alianza kuumwa kichwa, kutapika na kuanguka kifafa, na siku moja akapatwa na kiharusi, ugonjwa ambao watu wamezoea kuuona kwa wazee. Wa tatu hana ugonjwa wenye jina, lakini huchoka upesi; akipanda kilima hupumzika mara tatu, na wenzake humwita mvivu. Wa nne hana lolote, anacheza mpira jioni mpaka jua linatua.

Nyumba hii nimeitunga mwenyewe ili tupate pa kuanzia. Lakini madaktari wa nchi nyingi wamekutana na familia za namna hii hii, na mbele yetu nitazitaja za kweli. Kwanza tuwasikilize majirani wa nyumba hiyo.

Jirani wa kwanza atasema: hapa pana mkono wa mtu. Wa pili atasema: haya hayawezi kuwa maradhi ya kurithi, kama ni ya kurithi, mbona yule wa nne ni mzima? Wa tatu atamnyooshea mama kidole na kusema kwamba ukoo wake ndio ulioleta balaa. Na wa nne, mwenye ulimi mwepesi, atanong'ona kwamba huenda watoto wale si wa baba mmoja.

Ndugu zangu, nia ya mazungumzo haya ni kuonyesha kwamba majirani wote wanne wamekosea, na kwamba makosa yao si ya maneno tu. Yanamnyima mtoto matibabu, yanamwonea mwanafunzi darasani na mtumishi ofisini, na yanavunja ndoa.

MAJIKO YA MWILI

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, na ndani ya karibu kila seli mna vijumba vidogo mno viitwavyo mitokondria. Kazi yao kubwa ni kuchukua chakula tulichokula na oksijeni tuliyoivuta, na kuvigeuza kuwa nishati ambayo seli huitumia. Tunaweza kuviita majiko ya mwili. Jiko likififia, chakula kitakuwapo na hewa itakuwapo, lakini nguvu haitapatikana.

Viungo vya mwili havilingani katika mahitaji yao. Ubongo, macho, masikio, moyo, misuli, na sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini, hivi ni viungo vyenye njaa kubwa ya nishati. Kwa hiyo majiko yakififia, viungo hivyo ndivyo hulalamika kwanza. Ndiyo sababu ugonjwa wa mitokondria waweza kuonekana kama kope zinazolegea, misuli isiyo na nguvu, kifafa, uziwi, upofu, kisukari, moyo mnyonge, au uchovu usioisha. Daktari anayetazama kiungo kimoja tu aweza kuyaona maradhi matano mahali palipo na moja.

Elimu hii si ya zamani sana. Mwaka 1962 Rolf Luft na wenzake huko Sweden walieleza habari za mgonjwa ambaye mitokondria zake ndizo zilizokuwa na hitilafu. Mwaka uliofuata, 1963, Margit Nass na Sylvan Nass walionyesha kwamba ndani ya mitokondria mna DNA, yaani maandishi ya urithi yasiyo yale yaliyomo katika kiini cha seli. Mwaka 1981 wataalamu wa Cambridge, Uingereza, walimaliza kuyasoma maandishi hayo yote. Ni mafupi: yana herufi 16,569 na jeni 37 tu, ilhali kiini cha seli kina jeni zipatazo 20,000. Lakini ufupi huo usitudanganye. Barua fupi yaweza kuwa na neno moja lililokosewa, na neno hilo likapotosha barua nzima.

Sasa lipo jambo moja ambalo nawaomba mlishike vizuri, maana mengine yote yanategemea hilo. Jeni za kiini cha seli mtoto huzipata kwa baba na kwa mama. DNA ya mitokondria huipata kwa mama peke yake. Mbegu ya baba ina mitokondria chache, nazo huangamizwa yai likisha kutungwa. Jambo hili lilithibitishwa kwa binadamu mwaka 1980. Maana yake ni kwamba mama mwenye kasoro katika DNA ya mitokondria zake aweza kuwapa watoto wake wote, wa kike na wa kiume. Binti zake nao waweza kuwapa watoto wao. Mwanawe wa kiume aweza kuugua sana, lakini kwa njia hii hawapi watoto wake.

Hapo jirani wa nne amekwisha jibiwa. Katika urithi wa namna hii baba hana fungu. Watoto wa mama mmoja, wawe wa baba mmoja au wa baba wawili, wamechota katika kisima kile kile. Kutofautiana kwao katika ugonjwa si ushahidi wa jambo lolote juu ya uaminifu wa mama yao.

MAHARAGWE KATIKA KIBUYU

Kama wamechota kisima kimoja, mbona hawafanani? Hili ndilo swali la jirani wa pili, na ni swali la maana.

Jeni za kiini cha seli zimo mbili mbili, moja ya baba na moja ya mama. DNA ya mitokondria sivyo ilivyo. Seli moja ya kawaida huwa na nakala zake mamia au maelfu, na yai la mwanamke lililokomaa huwa na zaidi ya laki moja. Katika familia nyingi zenye maradhi haya nakala zote si mbovu. Zipo njema na zipo mbovu, zimechanganyika.

Fikirini kibuyu kilichojaa maharagwe. Kati ya kila maharagwe 100, 60 ni mazima na 40 yamebunguliwa. Kibuyu kina shingo nyembamba. Ukikiinamisha juu ya kikombe, hutoka punje chache tu. Mara hii zitatoka punje nane nzima na mbili mbovu. Mara nyingine tatu nzima na saba mbovu. Hukubadili kibuyu, wala hukuchagua punje. Ni bahati iliyofanya kazi yake, na kwa sababu punje zilizopita ni chache, bahati hupata nguvu kubwa.

Ndivyo ilivyo katika kuumbwa kwa mayai. Mayai ya binti huanza kuumbwa angali tumboni mwa mama yake, na katika hatua hiyo nakala chache za DNA ya mitokondria ndizo huwa mbegu ya nakala nyingi zitakazolijaza yai baadaye. Wataalamu wenyewe huita hatua hiyo shingo ya chupa. Mimi naona kibuyu kinatufaa zaidi. Kwa hiyo mama mmoja aweza kuwa na yai lenye nakala mbovu chache sana, na jingine, jirani yake, lenye nakala mbovu nyingi sana. Mtoto wa nne alitokana na yai la kwanza. Binti aliyepata kiharusi alitokana na la pili. Hapana aliyependelewa na hapana aliyelaaniwa.

Tena mgawo haukomi hapo. Mtoto anapokua tumboni, seli hugawanyika, na kila zinapogawanyika nakala njema na mbovu hugawanywa bila hesabu. Matokeo yake, hata ndani ya mwili mmoja kiungo kimoja chaweza kupata mbovu nyingi na kingine chache. Huyu zikamlemea katika kongosho, akapata kisukari. Yule zikamlemea katika ubongo. Na katika baadhi ya kasoro hizi, nakala mbovu hupungua katika damu kadiri mtu anavyozidi umri, ingawa katika misuli zimebaki vile vile. Kwa hiyo mtu mzima aweza kupimwa damu, akaambiwa kasoro ni kidogo au haionekani, kumbe mkojo au kipande cha msuli kingesema mengine.

Jambo la tatu ni kiwango. Seli huweza kuvumilia nakala mbovu kwa muda mrefu, maana njema zilizobaki hubeba mzigo. Lakini uvumilivu una mpaka. Katika kasoro nyingi mpaka huo uko kati ya asilimia 60 na 90 ya nakala zote. Mtu mwenye asilimia 50 aweza kuishi na asijue kwamba ana kitu. Mwenye asilimia 80 aweza kulazwa hospitali. Ni kama mtumbwi unaoingia maji: ndoo ishirini haziuzamishi, ishirini na tano haziuzamishi, lakini ipo ndoo moja itakayouzamisha. Anayetazama kutoka pwani ataona mtumbwi mmoja unaelea na mwingine umezama, asijue kwamba yote miwili ilikuwa na maji.

FAMILIA ZA KWELI

Niliahidi mifano ya kweli. Mwaka 1990 Ian Holt, Anita Harding na wenzao huko London walieleza habari za familia moja ambamo watu wanne walikuwa wagonjwa. Katika familia hiyo zilionekana dalili mbalimbali: kuharibika kwa pazia la nyuma ya jicho, kifafa, kuyumba katika kutembea, udhaifu wa misuli, na akili kuchelewa kukua au kupungua. Wote walikuwa na kasoro ile ile, katika herufi ya 8993 ya DNA ya mitokondria. Tena ukali wa ugonjwa ulikwenda sambamba na wingi wa nakala mbovu. Miaka miwili baadaye kasoro hiyo hiyo ilionekana katika ugonjwa wa Leigh, ambao huharibu ubongo wa mtoto mchanga na mara nyingi humwua angali mdogo. Watoto hao aghalabu huwa na nakala mbovu zaidi ya asilimia 90. Kwa hiyo katika nyumba moja bibi aweza kuwa mzima, mama akawa haoni vizuri usiku, na mjukuu akafa kabla ya kuanza shule.

Mfano wa pili unahusu herufi ya 3243. Mwaka 1990 huko Japani, Yu-ichi Goto na wenzake waligundua kwamba kasoro katika herufi hiyo huleta ugonjwa wa vijana unaofanana na kiharusi, pamoja na kifafa na kutapika. Mwaka 1992 huko Uholanzi, watafiti waliokuwa wakichunguza familia moja yenye kisukari na uziwi walikuta kasoro ya herufi ile ile. Watu wawili, mmoja katika kliniki ya kisukari na mwingine katika wodi ya maradhi ya ubongo, wasingefikiriwa kuwa na ugonjwa mmoja. Kumbe herufi iliyokosewa ni moja. Mnaona sasa kwamba nyumba niliyoitunga mwanzoni sikuitoa hewani. Mama mzito wa masikio, mwana mwenye kisukari, binti mwenye kiharusi na mwana mchovu: herufi ya 3243 yaweza kuwaeleza wote.

SI HESABU PEKE YAKE

Lakini, ndugu zangu, elimu ingekuwa rahisi kama kila kitu kingemalizwa na hesabu ya maharagwe. Zipo familia ambamo nakala zote ni mbovu, kwa mama na kwa watoto wote, na bado baadhi yao huugua na baadhi hawaugui.

Mwaka 1871 daktari Theodor Leber wa Ujerumani alieleza habari za upofu unaozipata familia fulani, ambao huwashukia ghafla hasa vijana wa kiume. Mwaka 1988 Douglas Wallace na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba chanzo chake ni kasoro katika herufi ya 11778 ya DNA ya mitokondria. Kati ya wanaume wenye kasoro za namna hiyo, karibu nusu hupofuka; kati ya wanawake, karibu mmoja kwa kumi. Huko Brazili imechunguzwa familia moja kubwa, yenye watu zaidi ya 300, ambamo kasoro hiyo ilirithiwa kwa bibi mmoja aliyehamia kutoka Italia. Katika familia hiyo, na katika uchunguzi mwingine uliofanywa Ulaya, ilionekana kwamba wavutao sigara hupofuka zaidi kuliko wasiovuta. Kasoro waliirithi wote. Moshi waliuongeza wengine wenyewe.

Mfano mwingine unatuhusu kwa karibu zaidi. Mwaka 1993 watafiti waliochunguza familia za Kichina na familia moja ya Kiarabu waligundua kasoro katika herufi ya 1555. Mtu mwenye kasoro hiyo aweza kusikia vizuri maisha yake yote. Lakini akidungwa dawa za jamii ya streptomaisini, kanamaisini au jentamaisini, aweza kuwa kiziwi, hata kwa kipimo ambacho hakimdhuru mwingine. Dawa hizo hupambana na bakteria kwa kushambulia mtambo wao wa kutengeneza protini. Kasoro ya herufi ya 1555 huufanya mtambo wa namna hiyo uliomo katika mitokondria zetu ufanane zaidi na ule wa bakteria, na dawa ikashindwa kutofautisha rafiki na adui.

Hapo tena mnaona ndugu wawili wa tumbo moja. Mmoja aliugua kifua kikuu akadungwa streptomaisini, akapona kifua na kupoteza masikio. Mwingine hakupata kuugua, na anasikia hata mlio wa mbu. Jirani wa kwanza atatafuta mchawi. Aliyetofautisha ndugu hawa ni sindano.

Nisieleweke vibaya. Streptomaisini, iliyogunduliwa mwaka 1943, iliokoa watu wengi mno, na jentamaisini hadi leo ni dawa ya kuokoa maisha ya watoto wachanga wenye maambukizo makali. Mtu asikatae sindano kwa sababu ya mazungumzo yangu. Ninachosema ni kwamba lipo swali moja linalofaa kuulizwa kabla ya sindano hiyo: je, kwenu upande wa mama yuko aliyekuwa kiziwi baada ya kudungwa dawa? Swali hilo halihitaji maabara wala fedha za kigeni. Na familia inayolijua jibu isingoje kuulizwa; iseme.

UKOO USIOANDIKWA

Hapa ndipo linapotokea tatizo letu wenyewe. Je, tunalijua jibu?

Tazameni majina yetu katika daftari la shule au jalada la utumishi. Mtu hutaja jina lake, jina la baba yake, na jina la babu yake. Hayo ni majina ya upande wa kuumeni. Lakini njia ya mitokondria ni ya mama, na mama wa mama, na mama wa mama huyo, na kila mmoja wao aliolewa katika ukoo mwingine, jina likabadilika. Ugonjwa unaosafiri katika njia hiyo husafiri bila pasi. Kila kizazi huuona kama mgeni. Mtoto wa mama mkubwa aliye Mwanza na mtoto wa mama mdogo aliye Mtwara waweza kuwa na kasoro moja, na pasiwe na daftari hata moja linalowaweka ukurasa mmoja.

Wapo kati yetu waliozoea kuhesabu ukoo kwa mama, kama vile Waluguru, Wayao na Wamakonde. Wao wana njia tayari ya kuifuata mistari hii. Sisi wengine yatupasa kujifunza. Kazi yenyewe si ngumu. Mwalimu wa sayansi aweza kuwaambia wanafunzi wake wachore ukoo wa kike: bibi mzaa mama, ndugu zake, mama wakubwa na wadogo, wajomba, na watoto wa mama hao. Katika mchoro huo watoto wa mjomba hawamo, maana mjomba hapitishi. Mwanafunzi atajifunza urithi kwa watu anaowajua, na siku atakapoulizwa na daktari hatababaika.

Hata hivyo lazima niongeze tahadhari. Maradhi yote ya mitokondria hayatoki kwa mama peke yake. Mitokondria hutumia pia protini nyingi ambazo maagizo yake yamo katika kiini cha seli, na kasoro za huko zaweza kutoka kwa baba na mama pamoja. Kwa hiyo mtu asichukue maneno yangu akaenda kumhukumu mkewe barazani. Kutambua ni kazi ya daktari na maabara.

WAJIBU WETU

Mtaniuliza: maradhi haya ni ya nadra, kwa nini utuchukulie muda? Katika nchi zilizohesabu, mtu mmoja hivi kwa kila 5,000 huugua maradhi ya mitokondria. Lakini wanaozaliwa na kasoro hizi za DNA ya mitokondria, wengi wao kwa kiasi kidogo kisichowaumiza, hukadiriwa kuwa mmoja kwa 200. Mwalimu aliyefundisha miaka thelathini bila shaka amekwisha kukutana nao.

Kwa mwalimu nasema hivi. Mtoto aliyekuwa akifanya vizuri kisha akaanza kusinzia, kuanguka, kutosikia au kutoona ubao, asichapwe kabla ya kupimwa. Na neno lisemwalo kwa wepesi mno shuleni, "mbona kaka yako alikuwa hodari, wewe una nini?" tuliache. Kaka yake alipewa kikombe kingine kutoka katika kibuyu kile kile.

Kwa mkuu wa ofisi nasema: mtumishi anayechoka si lazima awe mvivu, na kuwa na nduguye mzima si ushahidi dhidi yake. Cheti cha daktari kisomwe kwa moyo wa haki.

Kwa wagonjwa na jamaa zao nasema: ingawa sehemu kubwa ya maradhi haya bado hayana dawa ya kuyaondoa kabisa, matunzo yapo na yana maana. Kisukari hutibiwa, moyo hupimwa, kifaa cha kusikia humrudisha mtoto darasani, na kifafa hutulizwa. Lakini daktari anayejua chanzo huchagua dawa kwa uangalifu zaidi. Kwa mfano valproeti ya kifafa na metifomini ya kisukari zaweza kuwadhuru baadhi ya wagonjwa hawa. Mtu asiache dawa yake kwa kusikia hivi. Aende akamwulize daktari wake. Homa na kukaa na njaa muda mrefu huweza kumzidishia mgonjwa udhaifu, kwa hiyo vyote viwili vishughulikiwe mapema.

Sayansi nayo haikulala. Mwaka 2015 Uingereza ilipitisha sheria ya kuruhusu njia ambayo kiini cha yai la mama mwenye kasoro huhamishiwa katika yai la mwanamke mwingine lenye mitokondria nzima. Mwaka 2025 wataalamu wa Newcastle walitangaza kwamba watoto wanane walikuwa wamezaliwa kwa njia hiyo. Ni njia ya gharama kubwa, na yaleta maswali ya maadili ambayo watu wenye busara wanayajadili. Lakini inatuonyesha kwamba jambo lililoitwa laana limekuwa swali la maabara, na swali la maabara hutafutiwa jibu.

Nimalizie kwa yule mama. Nimemweka mwisho kwa sababu ndiye aliyebeba mzigo mkubwa kuliko wote: amewauguza watoto watatu, kisha akaambiwa kwamba yeye ndiye aliyewaua. Mama huyu hakuchagua mitokondria zake. Alizipata kwa mama yake, kama mama yake alivyozipata kwa bibi yake, na hapana hata mmoja wao aliyechungulia ndani ya yai na kuamua ni punje zipi zitoke. Kueleza njia ambayo ugonjwa ulipita si kumshitaki aliyesimama njiani. Tukilisahau hilo, basi elimu hii tuliyoitafuta kwa taabu itakuwa fimbo nyingine mkononi mwa jirani wa tatu.

Wahenga walisema vidole vya mkono havilingani. Msemo huo tumezoea kuutumia juu ya tabia na mali. Naomba tuutumie pia juu ya afya ya watoto wa tumbo moja. Kidole kifupi hakikukosa, kirefu hakikushinda, na kimoja kikiumia mkono wote huchomwa na maumivu. Anayetaka kukitibu sharti autazame mkono mzima.